NGOZI HAISAHAU TUNDU: SOMO JUU YA KAZI YA KUSHONA VIATU KWA MASHINE

Mtu akitazama kiatu kipya dukani, kwanza huangalia soli, halafu rangi, halafu bei. Ni wachache sana waangaliao mshono. Lakini kiatu kikiisha kuvaliwa miezi kadhaa, mvua ikakipiga na jasho likakiingia, mara nyingi ni mshono unaoamua kama kitaendelea kumtumikia mwenyewe au kitatupwa. Soli iliyokwisha huweza kubadilishwa na fundi wa njiani kwa gharama ndogo. Lakini ngozi iliyopasuka penye mshono ni shida kuitengeneza, kwa kuwa mahali pale pamekwisha kutobolewa, na kila tundu jipya hupadhoofisha zaidi.

Kwa sababu hiyo kazi ya mshonaji wa mashine katika kiwanda cha viatu si kazi ya kudharauliwa. Ni kazi ya ufundi, nayo ina elimu yake. Somo hili laeleza jinsi kazi hiyo ilivyoanza, namna ifanywavyo, makosa yatokeayo na sababu zake, na jinsi mshonaji awezavyo kuulinda mwili wake na ujira wake.

TOFAUTI YA NGUO NA NGOZI

Mtu ajuaye kushona nguo aweza kudhani kwamba amekwisha kujua kushona viatu. Ni kweli kwamba mashine hizi ni za jamaa moja na cherehani ya fundi wa nguo, lakini kuna tofauti moja kubwa. Nguo imefumwa kwa nyuzi. Sindano ipitapo huzisogeza nyuzi kando, na mshono ukifumuliwa nyuzi hurudi karibu na mahali pake. Nguo ikipigwa pasi alama huenda isionekane. Ngozi haikufumwa. Sindano ya ngozi hukata, na pale ilipokata pamekatwa daima.

Mshonaji wa nguo akikosea hufumua akaanza tena. Mshonaji wa viatu akikosea aweza kuutoa uzi, lakini tundu hubaki. Jicho la mnunuzi litaliona, na maji ya mvua nayo yatalipata. Basi kanuni ya kwanza ya kazi hii, ambayo kanuni nyingine zote zatoka kwake, ni hii: kufikiri hutangulia kukanyaga. Mtu asikanyage mashine kabla hajajua sindano itaanzia wapi, itapita wapi, na itasimama wapi.

JINSI KAZI ILIVYOANZA

Kwa karne nyingi viatu vilishonwa kwa mkono. Fundi alitoboa ngozi kwa msharasi, akapitisha uzi uliopakwa nta, akauvuta kwa nguvu pande zote mbili. Mwaka 1846 Elias Howe, mtu wa Marekani, alipewa na serikali yake hati ya kulinda uvumbuzi wa mashine ya kushonea iliyotumia nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Mwaka 1851 Isaac Singer alipata hati ya mashine yake, nayo ikaenea duniani mwote. Katika miaka ile ile ya 1850 mashine za namna hiyo zilirekebishwa zikaweza kushona ngozi ya juu ya viatu, na mwaka 1858 Lyman Blake alipata hati ya mashine ya kushonea soli. Gordon McKay aliinunua haki hiyo, na mashine iliyoitwa kwa jina lake ikashona viatu vingi vya askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tangu 1861 hata 1865.

Mji wa Lynn, katika jimbo la Massachusetts, ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya viatu katika nchi ile. Hapo zamani wake na binti za mafundi walishona ngozi za juu wakiwa nyumbani, huku wakilea watoto na kupika. Mashine zilipoingia, kazi ile ilianza kuhamia viwandani. Ujira ukashuka, na watu wakanung'unika. Mwezi wa Februari mwaka 1860 mafundi wa Lynn waliacha kazi, na tarehe 7 Machi mamia ya wanawake waliandamana njiani huku theluji ikianguka, wakidai malipo ya haki. Waajiri wengi waliongeza ujira, lakini hawakukubali kutia sahihi mapatano na chama cha wafanya kazi. Habari hii yaonyesha kwamba tangu mwanzo mambo mawili yamekwenda pamoja katika kazi hii: wepesi wa mashine, na swali la nani atakayepata faida ya wepesi huo.

MAHALI PA MSHONAJI KIWANDANI

Kidole kimoja hakivunji chawa, na kiatu kimoja hakimalizwi na mtu mmoja kiwandani. Kwanza mkataji huikata ngozi kwa vipande. Uso ni kipande kifunikacho sehemu ya mbele ya mguu; mbavu ni vipande viwili vya kando vikutanavyo nyuma ya kisigino; ulimi hukaa chini ya gidamu; na bitana ni ngozi au kitambaa cha ndani kigusacho soksi. Kisha mtu mwingine hupunguza unene wa kingo kwa kisu au kwa mashine, ili vipande viwili vikilaliana visifanye nundu itakayomchubua mvaaji.

Hapo ndipo mshonaji aanzapo. Yeye huviunganisha vipande hivyo hata vikawa sehemu nzima ya juu ya kiatu. Baada yake wengine huivika sehemu hiyo kwenye kalibu, yaani mfano wa mguu uliotengenezwa kwa mti au plastiki, wakaivuta ikaze, wakatia soli, wakapiga rangi na kung'arisha.

Yafaa mshonaji ajue vizuri kazi zilizomtangulia na zinazomfuata. Ngozi ikivutwa juu ya kalibu hupata nguvu nyingi katika kila mshono. Mshono uliolegea, ambao mezani ulionekana mzuri, hufunguka hapo. Kipande kilichoshonwa milimita mbili nje ya alama hukifanya kiatu kizima kiende upande. Katika viwanda vya Tomáš Baťa katika mji wa Zlín, nchi ya Chekoslovakia, ulianzishwa mwaka 1924 utaratibu wa kuzifanya karakana ziwe kama maduka yenye hesabu zao: karakana moja "ilinunua" kazi kwa karakana iliyoitangulia na "kuuza" kwa iliyofuata, na wafanya kazi wengi wakashiriki katika faida. Hata mahali pasipo na utaratibu huo, mshonaji aweza kujiuliza swali lile lile: Je, kama jirani yangu angenunua kipande hiki kwa fedha zake mwenyewe, angekikubali?

JINSI MSHONO UFANYIKAVYO

Mshonaji asiyejua jinsi mashine yake ifungavyo uzi ni kama dereva asiyejua breki. Mambo yenyewe ni haya. Sindano hushuka na uzi wa juu, ikapenya ngozi. Inapoanza kupanda tena, uzi hulegea kidogo karibu na tundu la sindano ukafanya kitanzi. Ndoano iliyo chini ya meza hukikamata kitanzi kile na kukizungusha kuipita bobini, ambayo ndiyo ichukuayo uzi wa chini. Nyuzi mbili hupishana. Kisha mkono wa kuvutia uzi ulio juu ya mashine huvuta, na fundo dogo likaingia ndani ya ngozi.

Fundo hilo lapasa kukaa katikati ya unene wa ngozi. Likionekana juu au chini, nyuzi hazikulingana. Uzi ulionyooka tu juu ya ngozi kama kamba ya kuanikia nguo, ukishikwa na vitanzi vya uzi mwingine, utasagika upesi na kukatika.

SINDANO NA UZI

Sindano ya nguo ina ncha ya mviringo. Sindano ya ngozi ina ncha kama kijisu kidogo, nazo ziko za namna nyingi. Nyingine hukata kwa mshazari, na kwa hiyo mapigo ya uzi hulala mshazari kidogo, jambo linalopendeza macho. Viatu vya kitambaa, kama vile raba za michezo, vyahitaji ncha ya mviringo, kwa maana ncha ya kukata ingezikata nyuzi za kitambaa chenyewe.

Ukubwa wa sindano huandikwa kwa tarakimu juu ya shina lake. Katika hesabu ya milimita, sindano ya 100 ina unene wa milimita 1 kamili, na sindano ya 90 ina sehemu 9 katika 10 za milimita. Sindano ikiwa nene mno kwa uzi wake, tundu hubaki wazi na maji huingia. Ikiwa nyembamba mno, uzi husuguliwa kila pigo hata ukachakaa kabla kiatu hakijavaliwa.

Zamani nyuzi zilikuwa za pamba na kitani. Siku hizi nyingi ni za nailoni au poliesta, ambazo hazioi upesi kwa jasho na maji. Sindano nayo lazima itiwe sawasawa, mfereji wake mrefu ukielekea upande uzi uingiapo. Sindano iliyogeuka itaruka mapigo, hata kama mashine ni mpya.

KUSHONA JOZI MOJA

Kwanza mshonaji huviweka vipande vya kushoto na kulia mbele yake, akahakikisha kwamba ni jozi ya kweli: rangi moja, unene mmoja, ukubwa mmoja. Hujaribu mashine juu ya kipande kibovu cha ngozi ile ile, wala si ya namna nyingine, kwa sababu unene ukibadilika mkazo wa uzi nao hubadilika.

Pili, huunganisha mbavu nyuma ya kisigino, akaubamiza mshono kwa nyundo ulale, na kuutia utepe wa kuuimarisha. Hapa ndipo mguu usuguapo siku zote, kwa hiyo nundu yoyote italeta lengelenge.

Tatu, hushona bitana na kingo za juu. Mshono wa ukingo hupita karibu na ukingo, kwa kawaida kama milimita 1 na nusu au 2. Ukisogea karibu zaidi, ngozi hupasuka. Ukienda mbali, ukingo huinuka kama mdomo.

Nne, huunganisha uso na mbavu. Mahali hapa hukunjika kila hatua mtu atembeapo, kwa hiyo mara nyingi hushonwa safu mbili au zaidi. Mwanzo na mwisho wa mshono huimarishwa kwa mapigo machache yaliyorudiwa, au nyuzi huvutwa upande wa ndani zikafungwa. Ncha za nyuzi hukatwa safi.

Kwenye kona mshonaji hupunguza mwendo, husimamisha mashine sindano ikiwa ndani ya ngozi, huinua mguu wa mashine, hugeuza ngozi, kisha huendelea. Sindano ikiwa juu wakati wa kugeuza, safu itakosa njia yake. Kazi ya mikono ni kuongoza tu. Meno au kigurudumu cha mashine ndicho kisogezacho ngozi, wala mshonaji asiivute.

Na ichukuliwe mfano wa hesabu. Mshono wa urefu wa sentimita 20 wenye mapigo 4 katika kila sentimita una matundu 80. Safu mbili zina matundu 160, na kwa viatu viwili ni 320. Mtu ashonaye jozi 100 kwa siku ametoboa ngozi mara 32,000 katika sehemu hiyo moja tu. Hakuna awezaye kulifikiria kila tundu peke yake. Kwa hiyo ni lazima mazoea yake yawe mazuri, kwa maana mazoea mabaya nayo hurudiwa mara 32,000.

MAKOSA NA SABABU ZAKE

Mshonaji mwema hajulikani kwa kutokosea, bali kwa kuitambua sababu upesi kabla kosa halijaingia katika jozi ya pili.

Vitanzi vikionekana chini ya ngozi, wengi hukimbilia kukaza bobini. Lakini mara nyingi sababu iko juu: uzi wa juu umelegea, au haukupita kati ya visahani vya kukazia. Dawa ni kuutia uzi upya tangu mwanzo kabla ya kugusa skrubu yoyote.

Mapigo yakirukwa, sindano huenda imekuwa butu, imepinda, au imetiwa vibaya. Pengine mguu wa mashine haukandamizi vya kutosha, ngozi ikapanda pamoja na sindano, na kitanzi kisifanyike.

Uzi ukikatika kila mara, huenda umekazwa mno, au sindano ni nyembamba kwake, au pana mkwaruzo katika tundu la sindano au la bamba. Kidole kikipitishwa polepole penye bamba, mashine ikiwa imezimwa, huweza kuupata mkwaruzo ambao jicho halikuuona.

Ngozi ikipasuka kufuata mshono kama stempu ya posta ichanwavyo, mapigo yalikuwa karibu mno. Watu hudhani kwamba mapigo mengi ni nguvu nyingi. Katika nguo jambo hilo lina ukweli kiasi. Katika ngozi, kupita kipimo ni udhaifu.

Sindano ikivunjika, mara nyingi mshonaji aliivuta ngozi, sindano ikapinda na kugonga chuma. Hapa pana jambo zito. Vipande vyote vya sindano lazima vitafutwe na kuunganishwa mpaka sindano ionekane nzima. Viwanda vyenye utaratibu mwema havitoi sindano mpya kabla vipande vya ile iliyovunjika havijarudishwa vyote. Kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mtama, kikisahauliwa ndani ya bitana, chaweza kumchoma mtoto wa shule mguuni mbali na kiwanda kile, na mshonaji hatapata habari kamwe.

KUULINDA MWILI

Hatari ya kwanza ni kidole chini ya sindano. Kikinga vidole kisiondolewe ati kwa sababu chapunguza mwendo. Mtu abadilishapo sindano au bobini azime mashine kabisa, kwa maana mashine nyingine huendelea kuzunguka kitambo baada ya kuzimwa, na mguu uliosahauliwa juu ya kanyagio huweza kuiamsha. Nywele ndefu zifungwe, na mikono ya nguo isining'inie.

Hatari ya pili huja polepole. Kiti kikiwa kifupi mabega hupanda, na kikiwa kirefu mgongo huinama. Taa yapasa kuangaza sindano, si macho. Kila baada ya muda mshonaji ainue macho atazame mbali, na kunyoosha vidole na shingo.

Hatari ya tatu haionekani, nayo ni moshi wa gundi na dawa za kuyeyushia. Mwaka 1974 daktari Muzaffer Aksoy na wenzake waliandika habari za washona viatu wa Uturuki waliopatwa na saratani ya damu baada ya kuvuta kwa muda mrefu hewa yenye benzeni, iliyokuwa katika gundi walizotumia katika vyumba vidogo visivyopitisha hewa. Basi madirisha yafunguliwe, chupa za gundi zifunikwe, na chakula kisiliwe mezani pa gundi. Mtu aumwaye kichwa kila jioni ya kazi, au ahisiye ganzi vidoleni, asinyamaze. Amwambie msimamizi na kwenda kwa daktari.

UJIRA NA HARAKA

Mahali pengi mshonaji hulipwa kwa hesabu ya jozi. Malipo ya namna hii humpa bidii, lakini pia humshawishi kukimbia. Na ichukuliwe kwamba mtu ameharakisha akaokoa sekunde 15 katika kila jozi. Katika jozi 100 ameokoa dakika 25. Lakini kama jozi mbili zimeharibika, vipande vipya lazima vikatwe, vipunguzwe kingo, vigundishwe na kushonwa tena. Dakika zile 25 zitakwisha upesi, na ngozi imepotea pia. Haraka haraka haina baraka, walisema wazee, nao hawakuwa wameona mashine ipigayo mapigo mengi kwa dakika moja.

Kwa upande mwingine, ni haki ya mshonaji kujua hesabu yake. Aandike katika daftari yake idadi ya jozi alizoshona, zilizokubaliwa na zilizokataliwa, na sababu ya kukataliwa. Daftari hiyo yamfaa mara mbili: humwonyesha makosa yake mwenyewe, na siku ya malipo humwezesha kusema kwa adabu na kwa ushahidi. Na ngozi ikiwa imekuja na kasoro kutoka kwa mkataji, alama ya kasoro ionyeshwe kabla ya kushona, kwa sababu baada ya sindano kupita hakuna atakayeweza kusema kosa lilikuwa la nani.

MSHONAJI ALIYEBADILISHA KAZI YA VIATU

Wako wasemao kwamba mtu akaaye mbele ya mashine hugeuka kuwa mashine. Habari za Jan Ernst Matzeliger zawajibu. Alizaliwa mwaka 1852 mjini Paramaribo, katika nchi ya Suriname iliyokuwa chini ya Uholanzi. Mama yake alikuwa mtu mweusi wa nchi ile, na baba yake Mholanzi. Utumwa ulikuwa bado halali huko. Ulifutwa mwaka 1863, alipokuwa mtoto bado. Alijifunza kazi ya mitambo angali mdogo, akawa baharia, na mwaka 1877 akafika Lynn. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, naye hakuwa na jamaa mjini. Alipata kazi katika kiwanda cha viatu, akaendesha mashine ya McKay ya kushonea soli.

Katika kiwanda aliona jambo moja. Mashine zilishona upesi, lakini sehemu za juu zilizokwisha kushonwa zilirundikana zikingoja kuvikwa kalibu. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono na mafundi hodari, na fundi mmoja aliweza kumaliza kama jozi 50 kwa siku. Watu walisema hakuna mashine itakayoweza kuiga vidole vya binadamu katika kukunja ngozi penye ncha na kisigino.

Matzeliger hakubishana nao. Alitazama mikono yao. Usiku alijisomea Kiingereza na elimu ya mitambo, na kwa mshahara wake mdogo akajenga mifano ya mashine kwa vibao na vipande vya chuma vilivyotupwa. Tarehe 20 Machi 1883 alipewa hati ya uvumbuzi wake. Mashine hiyo ilipoendelezwa iliweza kuvika kalibu jozi 150 hata 700 kwa siku, na viatu vikawa rahisi kwa watu wa kawaida. Yeye mwenyewe hakuifurahia faida kwa muda mrefu; kifua kikuu kilimwua mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 36. Zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake, mwaka 1991, posta ya Marekani ilitoa stempu yenye sura yake.

Si kila mshonaji atakayevumbua mashine. Lakini kila mshonaji aweza kufanya lile alilolifanya Matzeliger kwanza, yaani kutazama kazi inakwamia wapi, na kuuliza kwa nini.

NJIA YA MTU ATAKAYE KUJIFUNZA

Nchini Kenya jina la Limuru limejulikana kwa viatu tangu kabla ya uhuru wa mwaka 1963, kwa sababu ya kiwanda cha Bata kilichojengwa huko. Nairobi nako, katika soko la Kariokor, mafundi hutengeneza ndala na viatu vya ngozi katika vibanda vyao, na mnunuzi aweza kusimama akaona kazi yote tangu mwanzo hata mwisho. Kijana atakaye kazi hii afanye vema kutazama pande zote mbili: kiwandani ajifunze utaratibu na mwendo, kibandani aone jinsi kiatu kizima kikaavyo pamoja.

Mazoezi yaanze na karatasi. Mistari ichorwe kwa kalamu, nayo ifuatwe kwa sindano isiyo na uzi: kwanza iliyonyooka, halafu iliyopinda, halafu kona. Karatasi husema kweli, kwa kuwa matundu yake nayo hayafutiki. Baadaye vije vipande vya ngozi vilivyotupwa, na mwisho kazi yenyewe. Asiyeweza kusimamisha mashine juu ya alama ya kalamu asipewe bado ngozi ya mwenziwe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini mshono wa kiatu ulioharibika ni shida kuufumua na kuushona tena?
2. Fundo la nyuzi mbili lapasa kukaa wapi, na likionekana chini ya ngozi sababu yaweza kuwa nini?
3. Mshono wa sentimita 15 wenye mapigo 4 kwa kila sentimita, ukishonwa safu mbili, una matundu mangapi katika jozi moja?
4. Sindano ikivunjika, mshonaji afanye nini kabla ya kutia nyingine?
5. Mtu alipwaye kwa hesabu ya jozi aandike mambo gani katika daftari yake?
6. Matzeliger aliona nini kiwandani ambacho wenziwe waliona kila siku bila kuuliza?